Msuguano wa nyuso za ufa

Msuguano wa nyuso za ufa ni kani inayozuia pande mbili za ufa zisiteleze moja juu ya nyingine pale zinapogusana na kubanwa pamoja. Katika umakanika wa mivunjiko, yaani tawi la fizikia na uhandisi linalochunguza jinsi nyufa zinavyoanza na kukua ndani ya vitu vigumu, msuguano huo huamua ni kiasi gani cha mzigo kinafika kwenye ncha ya ufa. Una umuhimu hasa katika miamba, zege, reli, shafti za mashine na mipasuko ya ardhi inayoleta matetemeko.

Vitabu vingi vya kuanzia huuacha kando. Sababu yake ni kwamba mfano wao wa kwanza huwa ni ufa unaovutwa ukafunguka, ambapo nyuso zake hazigusani hata kidogo. Lakini sehemu kubwa ya nyufa zilizomo duniani, ndani ya milima na chini ya majengo, hazivutwi bali zimebanwa. Kwa nyufa hizo hesabu isiyo na msuguano hutoa jibu lisilo sahihi, na mara nyingi kosa lake si dogo.

Aina tatu za mwendo wa ufa

Nyuso za ufa zinaweza kusogea kwa namna tatu. Katika namna ya kwanza zinaachana, kama mdomo unaofunguliwa. Katika namna ya pili uso mmoja unateleza juu ya mwingine kuelekea kwenye ncha ya ufa au kutoka kwenye ncha hiyo. Katika namna ya tatu nyuso zinateleza kwa upande, sambamba na ukingo wa ufa, kama karatasi inavyochanwa kwa mkono mmoja kwenda mbele na mwingine kurudi nyuma.

Msuguano hauna nafasi katika namna ya kwanza. Katika namna ya pili na ya tatu unafanya kazi kila mara nyuso zinapobanwa. Ukubwa wake kwa kawaida hukadiriwa kwa kanuni iliyoelezwa na Guillaume Amontons mwaka 1699 na kukamilishwa na Charles-Augustin de Coulomb katika karne ya 18: kani ya msuguano inalingana na kani inayobana nyuso, ikizidishwa kwa namba ya msuguano, ambayo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki μ. Kwa miamba mingi namba hiyo iko karibu na 0.6 hadi 0.85.

Mzigo unaofika kwenye ncha

Nadharia ya mivunjiko ilianza na Alan Arnold Griffith wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1921 kwa kutumia kioo kwamba ufa hukua pale nishati inayoachiliwa inapotosha kulipia uso mpya unaotengenezwa. Mwaka 1924 alipanua hesabu yake hadi kwa vitu vinavyobanwa, lakini alichukulia kwamba nyufa zinabaki wazi. Mwaka 1962 Frank McClintock na Joseph Walsh wa Marekani walisahihisha jambo hilo. Walisema kwamba ufa mwembamba ukibanwa hufunga, na kuanzia hapo nyuso zake zinabeba mzigo na kusuguana.

Wazo lao ni rahisi kulifuata. Mzigo unaofika kwenye ufa uliofungwa hugawanywa kuwa mikazo miwili: mkazo wa kubana, unaosukuma nyuso zikutane, na mkazo wa kuteleza, unaosukuma uso mmoja upite juu ya mwingine. Ncha ya ufa haipati mkazo wote wa kuteleza. Inapata kile kinachobaki baada ya kutoa msuguano:

mkazo unaobaki = mkazo wa kuteleza − (μ × mkazo wa kubana)

Ikiwa jibu ni sifuri au chini ya sifuri, nyuso hazitelezi na ufa hauna athari, kana kwamba haupo.

Chukua kipande cha mwamba kinachobanwa kutoka juu kwa megapaskali 100, chenye ufa uliolala kwa pembe ya nyuzi 45. Mkazo wa kuteleza kwenye ufa huo ni megapaskali 50, na mkazo wa kubana ni 50 vilevile. Kama μ ni 0.6, msuguano unameza 30 na zinabaki 20 tu. Kumbe mtu aliyesahau msuguano angekadiria mzigo wa ncha kuwa mara mbili na nusu ya ule halisi.

Msuguano hubadilisha pia ufa ulio hatari zaidi. Bila msuguano, ufa wa nyuzi 45 ndio unaosukumwa kwa nguvu kuliko yote. Kwa μ ya 0.6 nafasi hiyo inachukuliwa na ufa uliosimama zaidi, wenye pembe ya karibu nyuzi 30 kutoka kwenye mstari wa mzigo, ambao mkazo wake unaobaki ni takriban megapaskali 28. Nyufa zilizolala kwa pembe inayozidi nyuzi 59 kutoka kwenye mstari huo zinakuwa zimefungwa kabisa: zikibanwa zaidi zinakamatana zaidi, na hakuna mzigo wa aina hiyo utakaozifanya ziteleze.

Wahandisi hupima ukali wa mkazo kwenye ncha kwa kipimo kinachoandikwa K, kilicholetwa na George Irwin katika miaka ya 1950. Kwa ufa ulio ndani ya mwamba mpana, K ya kuteleza ni mkazo unaobaki ukizidishwa kwa kipeuo cha pili cha π mara nusu ya urefu wa ufa. Msuguano huingia hapo moja kwa moja: ukipunguza mkazo unaobaki kwa nusu, K nayo inapungua kwa nusu.

Mabawa ya ufa na nguvu ya miamba

Ufa uliobanwa ukianza kuteleza, kwa kawaida haurefuki kwa kunyoosha mstari wake. Kwenye kila ncha huchipuka tawi jipya linalopinda kwa pembe kubwa, karibu nyuzi 70 kwa hesabu ya nadharia, kisha linageuka polepole na kufuata mwelekeo wa mzigo. Matawi hayo huitwa mabawa. Kinyume na ufa mama, mabawa hufunguka, kwa hiyo nyuso zake hazisuguani. Mtelezo wa ufa mama ndio unaoyapanua, kama kabari inavyopanua gogo.

William Brace na Emmanuel Bombolakis waliyaona mabawa haya waziwazi mwaka 1963 walipobana vipande vya kioo na vya plastiki vyenye nyufa zilizotengenezwa makusudi. Waliona pia jambo lililoeleza mengi kuhusu miamba: bawa likishakua kidogo husimama, na mzigo lazima uongezwe ndipo liendelee. Kwa hiyo ufa mmoja hautoshi kuvunja kitu kinachobanwa. Kitu huvunjika pale mabawa ya nyufa nyingi yanapofikiana na kuungana. Hii ni tofauti kubwa na kitu kinachovutwa, ambapo ufa mmoja ukianza kukimbia huenda hadi mwisho.

Kutokana na hesabu ya McClintock na Walsh inapatikana pia sababu ya mwamba kuwa na nguvu zaidi kadiri unavyobanwa kutoka pande zote. Mbano wa pembeni huongeza mkazo wa kubana kwenye nyuso za nyufa, na hivyo huongeza msuguano. Kwa μ ya 0.6, kila megapaskali 1 ya mbano wa pembeni humwezesha mwamba kubeba takriban megapaskali 3 zaidi kutoka juu. Hii ndiyo sababu nguzo ya mwamba iliyoachwa mgodini hukatika kwanza kwenye ngozi yake ya nje, ambako hakuna kinachoibana pembeni, huku kiini chake kikiendelea kubeba paa.

Nishati na kumbukumbu ya ufa

Katika nadharia ya Griffith nishati ina njia chache tu za kwenda: inabaki imehifadhiwa ndani ya kitu, au inatumika kufungua uso mpya. Msuguano unaongeza njia nyingine, yaani joto, na joto hilo halirudi. Kutokana na hilo hali ya ufa haitegemei tu mzigo wa sasa bali pia njia uliopitia kufika hapo.

Mfano wa ufa wa nyuzi 45 unaonyesha jambo hili vizuri. Mzigo ulipanda hadi megapaskali 100 na nyuso zikateleza. Sasa mzigo unapunguzwa. Mtu angetarajia nyuso zirudi nyuma kidogo kidogo, lakini msuguano nao umegeuza upande na sasa unazuia kurudi. Ukihesabu, utaona kwamba nyuso hazianzi kurudi mpaka mzigo ushuke hadi megapaskali 25. Kati ya 100 na 25 mtelezo unabaki umefungiwa vilevile, na K ya kuteleza kwenye ncha inabaki ileile. Vipande viwili vya mwamba uleule vilivyo chini ya mzigo uleule wa megapaskali 25 vinaweza basi kuwa na hali tofauti kabisa ndani yake, kutegemea kama mzigo ulikuwa unapanda au unashuka.

Walsh alitumia wazo hilo mwaka 1965 kueleza kwa nini mchoro wa mzigo na mfinyo wa mwamba haurudi kwa njia iliyopandia. Kutoka hapo maabara zilipata mbinu yenye manufaa: anayetaka kujua ukakamavu wa mwamba wenyewe, bila nyufa zake, apime mwanzoni kabisa mwa kupunguza mzigo, kwa kuwa wakati huo nyufa zilizokuwa zinateleza zimekamatwa na msuguano.

Jambo hilohilo linaleta ugumu kwa wenye kukokotoa. James Rice alitoa mwaka 1968 njia ya kujua nishati inayoingia kwenye ncha ya ufa kwa kujumlisha mikazo kwenye mzunguko wowote unaoizunguka ncha, mpana au mwembamba. Nyuso zikisuguana, uhuru huo wa kuchagua mzunguko unapotea, kwa kuwa mzunguko mpana unahesabu pia joto la msuguano lililopotea nyuma ya ncha. Rice na Andrew Palmer walishughulikia hali ya aina hiyo mwaka 1973 walipochunguza maporomoko ya udongo wa mfinyanzi. Walitenganisha msuguano unaobaki baada ya udongo kuteleza mbali na mzigo uliozidi msuguano huo. Kinachosukuma ufa wa mteremko ni hicho kilichozidi peke yake.

Maji na mafuta ndani ya ufa

Kimiminiko kikiingia kwenye ufa kinaweza kufanya mambo mawili tofauti, na ni vizuri yasichanganywe. Kwanza, kinaweza kulainisha nyuso na kupunguza μ. Pili, kama kina shinikizo, kinasukuma nyuso ziachane na kupunguza mkazo wa kubana, hata kama μ haikubadilika.

Katika reli na meno ya gia yote mawili hutokea. Mwaka 1935 Stewart Way aliripoti majaribio ya magurudumu ya chuma yanayobiringishana. Yale yaliyopakwa mafuta yalipata vishimo kutokana na nyufa ndogo za juu, na yale makavu hayakupata. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, kwa sababu mafuta huwekwa ili kulinda chuma. Allan Bower alifanya hesabu za kina mwaka 1988 kuhusu msuguano wa nyuso na kimiminiko kilichonaswa ndani ya ufa. Ufa unaoanzia juu ya reli huingia ndani kwa mshazari. Ukiwa mkavu, gurudumu linapopita juu yake linaubana na msuguano unaukamata. Maji yakiingia, nyuso zinateleza kwa urahisi, na gurudumu likifunga mdomo wa ufa kabla ya kufika kwenye ncha, maji yaliyonaswa yanasukumwa kuelekea ndani na kuupanua.

Nyufa za aina hii, zinazotokana na uchovu wa chuma chini ya magurudumu, ndizo zilizovunja reli huko Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000. Treni iliacha njia na watu 4 walifariki.

Athari ya shinikizo ilionekana kwa ukubwa mwingine karibu na Denver, Marekani. Mwaka 1962 maji taka ya kiwanda cha silaha za kemikali cha jeshi yalianza kusukumwa kwenye kisima chenye kina cha takriban kilomita 3.7. Muda mfupi baadaye eneo ambalo halikuwa na sifa ya kutetemeka lilianza kutetemeka. Usukumaji ulisimamishwa mwaka 1966, lakini matetemeko makubwa zaidi, yenye ukubwa wa karibu 5, yalikuja mwaka 1967, kwa sababu shinikizo liliendelea kusambaa ndani ya mwamba. M. King Hubbert na William Rubey walikuwa wameeleza kanuni yenyewe tangu mwaka 1959: msuguano hulingana na mkazo wa kubana baada ya kutoa shinikizo la maji. Baadaye, kwenye visima vya mafuta vya Rangely katika jimbo hilohilo la Colorado, wanajiolojia waliongeza na kupunguza shinikizo kwa makusudi na kuona matetemeko yakiongezeka na kupungua nalo.

Mipasuko ya ardhi na matetemeko

Mpasuko wa ardhi unaweza kutazamwa kama ufa mkubwa sana unaoteleza. Hata katika Bonde la Ufa la Afrika ya Mashariki, ambako gandunia inavutwa na kutanuka, nyuso za mipasuko mirefu hazijaachana. Kilomita 10 chini ya ardhi uzito wa miamba iliyo juu peke yake unafika zaidi ya megapaskali 250, nao unazibana. Msuguano unazishikilia kwa miaka mingi, mpaka mkazo wa kuteleza unaushinda. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910, mojawapo ya makubwa zaidi yaliyopimwa katika eneo hilo, lilitokea katika ukanda huo wa mipasuko.

Brace na James Byerlee walipendekeza mwaka 1966 kwamba tetemeko ni mwendo wa kukwama na kuchomoka, ule unaosikika mlango mkavu unapolia kwenye bawaba. Mwaka 1978 Byerlee alikusanya vipimo vya maabara vya aina nyingi za miamba na kukuta kwamba karibu zote zinafuata kanuni moja: hadi mkazo wa kubana wa megapaskali 200, msuguano ni 0.85 ya mkazo huo. Juu ya hapo ni megapaskali 50 kuongeza 0.6 ya mkazo huo. Aina ya mwamba haikuleta tofauti kubwa, isipokuwa pale penye baadhi ya madini ya udongo wa mfinyanzi, ambayo huteleza kwa urahisi zaidi.

Hapo likazuka swali lililowasumbua wataalamu kwa miongo kadhaa. Kama msuguano ni mkubwa kiasi hicho, mpasuko unaoteleza mara kwa mara ungepaswa kuwa na joto la kupimika. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 1969 kwenye mpasuko wa San Andreas huko California havikukuta joto la ziada lililotarajiwa. James Dieterich na Andy Ruina walikuwa wameonyesha kati ya mwaka 1979 na 1983 kwamba msuguano wa miamba hubadilika kulingana na kasi ya mtelezo na muda ambao nyuso zimekaa zimegusana. Majaribio ya baadaye yenye kasi kubwa, ya karibu mita 1 kwa sekunde, yalionyesha kwamba msuguano unaweza kuporomoka wakati tetemeko linaendelea.

Kipimo cha moja kwa moja kilipatikana Japani. Baada ya tetemeko la Tohoku la Machi 2011, ambalo mabamba ya gandunia yaliteleza takriban mita 50 karibu na mtaro wa bahari, meli ya utafiti ilichimba shimo hadi kwenye mpasuko wenyewe, chini ya karibu kilomita 7 za maji, na kuweka vipimajoto. Mwamba ulikuwa bado na joto la ziada la nyuzi 0.31 za Selsiasi zaidi ya mwaka mmoja baada ya tetemeko. Kutokana na kiasi hicho kidogo ilihesabiwa kwamba namba ya msuguano wakati wa mtelezo ilikuwa takriban 0.08, sehemu ndogo tu ya ile ya Byerlee.

Zege na metali

Katika zege ufa hupita kuzunguka kokoto, kwa hiyo nyuso zake zina mabonde na vilima. Boriti iliyopasuka inaendelea kubeba mzigo kwa sababu kokoto za upande mmoja zinaegemea kwenye vishimo vya upande wa pili. Wahandisi huhesabu hali hii kama muungano wa msuguano na kukamatana. Inategemea sana upana wa ufa: ukipanuka kwa milimita moja au zaidi, mguso hupungua haraka. Ringi za nondo zina kazi hii pia, ya kuzuia ufa usipanuke ili nyuso ziendelee kushikana.

Katika shafti za chuma zinazosokotwa huku na huku, ufa mrefu unaweza kupunguza kasi ya kukua ingawa mzigo haujapungua. Nyuso zake zenye mikwaruzo zinasagana na kumeza sehemu ya msokoto kabla haujafika kwenye ncha. Alama yake ni unga wa kutu unaotoka mdomoni mwa ufa. Fundi asiupokee kama habari njema: shafti ikipata mvuto kidogo, nyuso zinaachana na kinga hiyo inaondoka mara moja.

Kutafuta nyufa kwa joto la msuguano

Joto ambalo ni hasara katika hesabu ya nishati limepata matumizi katika ukaguzi wa vipuri. Kipuri, kwa mfano panga la tabo ya injini ya ndege, hutikiswa kwa mawimbi ya sauti yenye masafa makubwa kuliko sikio linavyosikia. Nyuso za ufa uliofichika zinasuguana na kupata joto, na kamera ya mionzi ya infraredi inauona ufa kama mstari unaong'aa juu ya kipuri baridi. Njia hii hugundua hata nyufa zilizofungwa ambazo rangi ya kupaka haiwezi kuingia. Ina mpaka wake pia: ufa uliobanwa mno hautelezi, na ulio wazi mno nyuso zake hazigusani, kwa hiyo yote miwili inaweza kubaki gizani kwenye picha.